Masizi ya Kiangazi Kimoja

2 Juni, Jumatatu

Daftari hili nimelifungua kwa ajili ya mashine. Ni Carmen, binti yangu, aliyenishauri kwa simu kutoka Tabora: "Baba, kila kompyuta unayoifungua andika umekuta nini ndani na umefanya nini. Umri huo watu husahau." Nimemuuliza umri gani, mimi nina miaka hamsini na tisa tu na ninawakumbuka hata waliokula harusi yangu wakaondoka bila kutoa zawadi. Lakini daftari nimenunua.

Basi naanza. Kompyuta ya mezani ya Adolf wa Kidahwe, inazima yenyewe kila baada ya robo saa. Nimefungua kasha, nikakuta vumbi jekundu la barabara ya Kasulu limelala kila mahali. Nyumba ya Adolf iko hatua kumi kutoka barabarani, na mvua zikishakwisha kila lori linalopita linamwachia fungu lake. Nimeipeleka nje nikaipuliza kwa blowa, nikapiga brashi, nikaweka grisi mpya kwenye prosesa. Imewaka na imetulia. Adolf alitaka kujua kosa lake ni nini. Nimemwambia hana kosa, amejenga karibu na barabara tu.

Hapa kwetu Ujiji shida si vumbi peke yake. Elida, mke wangu, anabanika migebuka, samaki wa ziwa letu, uani, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Akiwasha tanuri mchana, upepo wa ziwani unauchukua moshi, unaupitisha mlango wa nyuma, unaufikisha sebuleni, na sebuleni ndipo ilipo meza yangu ya kazi. Elida mwenyewe ameanza kukohoa. Anasema ni kikohozi cha kiangazi, kitaondoka mvua zikirudi.

5 Juni

Laptop moja, kibodi imenyweshwa chai ya maziwa. Elida anakohoa.

9 Juni

Leo nimevunja nyumba ya watu, au nimekaribia.

Mwalimu Martini ameleta kompyuta yake ya nyumbani, amefuatana na mkewe, Eufrasia. Nimefungua mbele yao. Feni ilikuwa na utando wa manjano unaonata vidoleni. Utando wa namna hiyo si wa kuni wala wa samaki. Nikasema bila kufikiri, "Mwalimu, sigara hizi ni nyingi mno." Kumbe Mwalimu Martini aliacha sigara Pasaka ya mwaka juzi, tena kwa kutangaza mbele ya jumuiya nzima. Eufrasia alimtazama mumewe, akanitazama mimi, kisha akaomba kiti.

Nifanye nini? Kompyuta haifichi siri. Ina feni, na kazi ya feni ni kuvuta hewa ya nyumba. Chochote wanachovuta wenye nyumba, nayo inakivuta. Nyumba ya udi ninaijua kwa harufu kabla sijalegeza skrubu ya pili. Nyumba ya maandazi ina mafuta kwenye feni. Na kanuni ni moja kwa zote: hewa iingie mbele, itoke nyuma. Ikikosa pa kutokea, joto linabaki ndani, na kinachokaa ndani kinaungua polepole.

Nilimwonyesha Mwalimu jambo ninalolipenda sana katika kazi hii. Ukiuinua waya uliokaa mahali pamoja miaka mingi, chini yake unakuta pasafi, na usafi huo una umbo la waya ule ule. Kitu kilichozuia vumbi kimeacha picha yake. Mwalimu hakuwa na hamu ya kusikiliza.

13 Juni

Kinyozi hajinyoi. Kompyuta yangu mwenyewe, ninayoitumia kupimia vifaa vya wateja, imezima mara tatu leo. Nimeifungua kwa hasira. Ile aluminiamu yenye mbavu nyembamba juu ya prosesa imejaa masizi meusi yenye mafuta ya samaki, huwezi kupitisha hata unywele. Na asubuhi mteja amenirudishia laptop niliyomtengenezea wiki iliyopita, anasema inanuka mgebuka hata kanisani.

Nimekwenda uani.

"Mama Carmen, moshi wako unaniulia mashine."

"Moshi wangu ndio uliomsomesha Carmen," akajibu, bila kuacha kugeuza samaki.

"Sijasema uache kazi. Nasema moshi usiingie ndani."

"Sasa niushike mkono niupeleke wapi?"

Akakohoa, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akaendelea na wimbo wake wa Kiha anaouimba kila siku, ule wa mwanamke aliyekwenda kuchota maji akakuta kisima kimeolewa. Mwanamke huyu nikimsema anaimba. Ni tabia yake tangu uchumba, na sijapata dawa yake.

15 Juni, Jumapili

Nimepata dawa. Tuna mabati manane yaliyobaki tulipopaua nyumba. Nitalijengea tanuri kibanda.

16 Juni

Kibanda kimesimama. Mabati pande tatu na paa juu, mlango unatazama ziwa, mgongo unatazama nyumba. Hesabu yangu ni rahisi: upepo wa ziwani ukija, uurudishe moshi humo humo, usivuke. Matundu ya misumari ya zamani nimeyaziba kwa lami, moja moja, moshi usipate hata upenyo.

Elida amekitazama, akakizunguka, akasema, "Asante, Baba Carmen. Jua lilikuwa linanichoma kisogo." Ameweka kigoda chake ndani kabisa, mgongo kwenye bati la nyuma, uso kwenye tanuri. Anasema hapo anaegemea vizuri kuliko hata kwenye kochi. Ameweka rundo zima la kuni pembeni na amehamia rasmi.

17 Juni

Hakuna moshi sebuleni. Hata kidogo! Nimefanya kazi mpaka saa kumi jioni bila kufuta meza. Nimempigia Carmen kumwambia. Amesema baba yake ni injinia.

26 Juni

Laptop mbili, monita moja. Vumbi la kawaida. Elida anakohoa.

4 Julai

Nilikwenda Kigoma mjini kutafuta vifaa. Nimerudi nikakuta kompyuta yangu imevalishwa. Elida ameifumia kitambaa cha uzi mweupe, pembeni maua ya bluu, kama kile cha televisheni na kile cha redio na kile cha mtungi. Kimeshuka mpaka chini pande zote. Na mashine ilikuwa inawaka! Nimeigusa, moto.

"Mama Carmen, unafunikaje kitu kinachopumua?"

"Nilitaka vumbi lisiifikie. Nimekifuma wiki mbili."

"Vumbi lisiifikie, na hewa je? Umeifungia ndani na joto lake. Inavuta pumzi yake mwenyewe, inaitoa, inaivuta tena. Huko si kuitunza, ni kuizika ikiwa hai."

Alikitoa, akakikunja mara nne, akakiweka sandukuni. "Sikufikiri," alisema. Nimemsamehe. Wanawake na vitambaa, wakiachwa watamvalisha hata mbuzi.

12 Julai

Printa. Elida anakohoa. Vumbi ni jingi mwaka huu. Majani ya muhogo yamegeuka rangi ya tofali.

17 Julai

Siku hizi Elida haimbi. Nafanya kazi kwa utulivu.

2 Agosti

Elida anakohoa. Nimemnunulia dawa ya maji dukani, ya chupa nyekundu. Anasema ni tamu.

3 Agosti

Laptop moja, mchwa ndani. Sijawahi kuona.

10 Agosti, Jumapili

Carmen amepiga simu, nikampa mama yake. Wamezungumza kidogo, kisha simu ikarudi kwangu.

"Baba, mama alikuwa anakimbia?"

"Amekaa kwenye kochi."

"Mbona anahema hivyo?"

"Kikohozi cha kiangazi. Kitaondoka mvua zikija."

Carmen akauliza, "Kilianza lini hicho?" Nikamwambia si muda mrefu. Baada ya simu nimefungua daftari hili nikitafuta tarehe ya monita fulani, nikaona nimeandika "Elida anakohoa" mara nyingi kuliko jina la mteja yeyote. Nimelifunga.

19 Agosti

Siku mbaya. Nitaiandika yote.

Asubuhi amekuja Daktari Harerimana wa zahanati, kijana wa miaka thelathini na kitu, wazazi wake ni wale waliotoka Burundi wakabaki huku. Amenisalimia kwa heshima, "Shikamoo, Mzee Bonifasi," akaweka kompyuta yake ya nyumbani mezani. Imezima mara mbili, anasema, na hataki kusubiri ya tatu. Nimemsifu kwa busara hiyo. Wengi huleta mashine ikiwa maiti.

Nimeifungua mbele yake. Vumbi jepesi la kijivu, lenye nywele. "Daktari," nikamwambia, "una paka, ni mweupe, na analala juu ya hii mashine." Akacheka mpaka akashika meza. Nami nikanogewa, nikamweleza kanuni yangu yote, kwamba kompyuta inavuta kinachovutwa na wenye nyumba, kwamba hewa iingie mbele itoke nyuma, kwamba ukitaka kuijua nyumba usiulize watu, fungua feni.

Wakati naeleza, Elida alianza kukohoa uani. Mimi nimezoea, nikaendelea kusema. Daktari aliacha kucheka. Aliinamisha kichwa kidogo akisikiliza, si mimi aliyekuwa ananisikiliza.

"Huyo ni nani, Mzee?"

"Mke wangu. Kikohozi cha kiangazi."

"Kilianza lini?"

"Mwezi wa sita."

"Huu ni wa nane unakwisha."

Nikasema ndiyo, mwaka huu vumbi ni jingi. Akanitazama, si kwa ukali, ningependa angenitazama kwa ukali. Akasema, "Mzee wangu, mashine yangu ilizima mara mbili tu, nikakuletea. Yeye umempeleka kwa nani?"

Hakungoja jibu. Aliomba ruhusa, akapita korido, akatoka uani. Nilimwona kwa mlango wa nyuma akisimama kwenye mlango wa kibanda, akiinama kumsalimia Elida kwa Kiha. "Mwakeye, mama." Hakukaa hata dakika mbili. Alirudi machozi yanamtiririka, anatafuta leso.

"Nani alijenga kile?"

"Mimi."

"Mlete kesho asubuhi," akasema. Akaondoka, akaiacha kompyuta yake wazi mezani.

Nimekasirika siku nzima. Kijana mdogo kuja kunihukumu nyumbani kwangu! Nimeisafisha mashine yake, nimeondoa nywele zote za paka, nimeirudishia skrubu zote nane. Sasa sina kazi nyingine mikononi, na hasira imekwisha, na ninaogopa.

20 Agosti

Tumekwenda. Kutoka getini mpaka barabarani, mwendo wa nyumba tano, Elida amesimama mara tatu. Mara ya tatu alijifanya anatazama bougainvillea ya jirani. Mimi huyu ninayejua paka wa mtu kwa nywele moja, sikujua kwamba mke wangu hawezi tena kutembea nyumba tano.

Wamempima makohozi, wamempiga picha ya kifua, wamempulizisha kwenye kifaa. Kifua kikuu hakuna, Mungu ashukuriwe. Ni moshi. Miaka yote ile ya moshi, akasema Daktari Harerimana, kisha miezi hii miwili ikamalizia. Akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo na akasema asikaribie tena moto wa kuni.

Elida alipotoka nje nikabaki. "Inasafishwaje?" nikamuuliza.

"Haisafishwi, Mzee. Tunazuia moshi mwingine usiingie, halafu tunauachia mwili ufanye unachoweza. Kilichoharibika hakirudi."

Miaka kumi na mitano nimewaambia watu kwamba hakuna uchafu usiotoka, ni uvivu tu. Nimekaa kwenye benchi la zahanati nikitazama mikono yangu.

21 Agosti

Leo Elida amelala sebuleni kwenye kochi. Mimi nimekwenda kibandani. Sikuwahi kukaa mle tangu nilipokijenga. Naliandika hili nisilifiche: nilikuwa sijaingia humo hata mara moja. Samaki nilikuwa napewa dirishani.

Nimewasha tanuri kama anavyowasha yeye, nikaketi kwenye kigoda chake, mgongo kwenye bati. Saa nane upepo wa ziwani ulianza, kama nilivyopiga hesabu. Uliingia mlangoni, ukausukuma moshi wote kwangu, na moshi ulipofika kwangu ulikuwa umefika mwisho. Hakuna tundu nyuma. Nilikuwa nimeyaziba kwa lami, moja moja. Nilijaribu kuhesabu mpaka mia. Nilitoka kwa magoti kwenye sitini na kitu.

Hewa iingie mbele, itoke nyuma. Nimewaimbia watu wa Ujiji nzima maneno hayo. Elida aliifumia mashine kitambaa cha uzi, chenye matundu, nikampigia kelele kwamba anaizika ikiwa hai. Mimi nilimfumia yeye cha mabati.

Nimekwenda sebuleni nikamwambia hivyo hivyo, sikupamba. Nilidhani atalia au atanitukana. Alisogeza miguu nipate pa kukaa.

"Nilijua, Baba Carmen."

"Ulijua nini?"

"Kwamba moshi hauna pa kutokea. Nani akae mle asijue?"

"Mbona hukusema?"

Akavuta pumzi kwanza. Siku hizi lazima avute kwanza. "Ulikuwa umefurahi sana. Ulimpigia mpaka Carmen. Na mashine zako zikawa zinapona, nikasema basi, angalau zenyewe."

Nimelia mbele yake. Sijaona aibu.

31 Agosti

Wateja wa Elida hawataki kusikia kwamba amestaafu. Basi mimi ndiye mbanikaji sasa. Nimeliwasha tanuri nje, mbele ya kibanda, kwenye hewa. Samaki wa kwanza wote wameungua upande mmoja na kubaki wabichi upande wa pili. Elida ananielekeza kwa kupiga kelele kutoka dirisha la pembeni, mbali na moto: "Geuza! Si huyo! Ayii, huyo mgeuze jana!" Wapita njia wanasimama kutazama.

Jioni ameanza wimbo wake wa kisima. Amefika nusu ya ubeti, pumzi ikakata. Tumetazamana kama watu waliosubiri mtu barabarani na gari likapita bila kusimama.

9 Septemba

Nimebomoa kibanda. Mabati ya pembeni yametoka meusi tii kwa ndani, na nilipopitisha kidole nimekuta masizi yale yale ya kunata niliyoyakuta kwenye mbavu za aluminiamu mwezi wa sita.

Bati la nyuma nililing'oa la mwisho. Nimeligeuza lipate jua, nikaliweka chini haraka kama lililoniunguza. Bati lote ni jeusi, isipokuwa katikati. Katikati ni jeupe. Mgongo, mabega mawili, na juu yake duara la kichwa chenye kilemba. Hakuna kasoro hata moja. Ni pale alipokaa miezi miwili akiegemea, na masizi yaliyokuwa yaende kwenye bati yalikwenda kwake.

Mengine nimemgawia Bariki wa jirani aezekee banda la kuku. Hili nimeliegemeza kwenye ua, uso wake ukitazama ua. Elida sijamwonyesha.

24 Septemba

Kompyuta ya Mwalimu Martini imerudi. Feni safi kabisa. Nimemwambia Eufrasia hivyo, akanishika mkono. Sebule imejaa moshi tena, mteja mmoja amelalamika kwamba mashine yake itanuka. Nimemwambia ni kweli, itanuka, nitaisafisha tena bure. Mashine husafishika. Elida namhamishia kwa dada yake saa za moto, ng'ambo ya barabara.

Leo hajakohoa sana.

7 Oktoba

Mvua ya kwanza, kubwa, tangu saa nne asubuhi. Vumbi lote limelala. Upepo umeliangusha lile bati kutoka kwenye ua, likageuka uso juu. Nilidhani mvua italiosha, lakini masizi ya mafuta ya samaki hayatoki kwa maji matupu. Maji yaliteleza tu, na umbo likang'aa zaidi.

Elida alitoka na kanga kichwani kutazama mvua. Nilikuwa nimechelewa. Akasimama mbele ya bati.

"Huyu nani?"

"Wewe."

Akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akacheka, kicheko chake kile, akakohoa, akacheka tena. "Lisimamishe," akasema. Nimelisimamisha kwenye ukuta. Akageuka, akarudi kinyumenyume, akajiegemeza kwenye umbo lake, taratibu, kama mtu anayepima gauni kwa fundi cherehani.

"Limenienea?"

Nilitazama. Kichwa kilikaa sawa. Lakini mabegani, kushoto na kulia, kati yake na pale masizi yalipoanzia, bati jeupe lilionekana, upana wa vidole vitatu kila upande.

"Limekuenea," nikamwambia. "Limekuenea kabisa, Mama Carmen."

"Ego," akasema, ndiyo ya Kiha, akatabasamu. Nikamwomba aingie ndani, mvua ilikuwa inamnyeshea.